Kumtafuta Kome Tusiyetaka Kumpata: Siku Tisa Kando ya Mto Snake

Jumatatu, 19 Agosti 2024. Boise, Idaho

Leo hatujauona mto. Siku nzima imekwisha kwa kuosha vifaa. Nyavu zetu sita za planktoni, yaani viumbe vidogo vinavyoelea majini, kila moja ikiwa na umbo la faneli ndefu yenye mdomo wa sentimita 30 na matundu ya mikromita 64, zilikuwa zimelowekwa katika pipa la siki tangu jana, na asubuhi tumezitoa, tukazisuuza kwa maji safi na kuzitundika zikauke. Siki ina sababu yake. Kiluwiluwi cha kome, yaani mtoto mchanga wa kiumbe huyo wa majini mwenye magamba mawili, hujifunika gamba jembamba la kalisi, na asidi ya siki hulila gamba hilo hadi likaisha, kwa hiyo kiluwiluwi kilichonasa kwenye nyuzi za wavu tangu safari iliyopita hakitaweza kuibuka katika chupa ya bwawa jingine na kutoa ushahidi wa uongo. Vifaa vya kuchotea maji ya kupima vinasaba tumevitia katika maji ya klorini, maana huko hatari haitokani na gamba bali na chembe za DNA, ambazo siki haiziondoi.

Tunaowatafuta ni wawili wa ukoo mmoja. Wa kwanza ni kome pundamilia, aliyepewa jina hilo kwa mistari ya gamba lake. Wa pili ni kome kwaga, aliyeitwa kwa jina la mnyama wa Afrika Kusini aliyefanana na pundamilia, ambaye wa mwisho wake alikufa katika bustani ya wanyama ya Amsterdam mwaka 1883. Asili ya kome hawa ni maji ya pande za Bahari Nyeusi na Bahari ya Kaspi. Mwaka 1988 kome pundamilia aligunduliwa katika Ziwa St. Clair, mpakani mwa Marekani na Kanada, akiwa amesafirishwa ndani ya maji ya farumi, yale yanayopakiwa ili kuituliza meli, ya meli zilizovuka Atlantiki, na kome kwaga akafuata muda mfupi baadaye. Jike mmoja huweza kutoa mayai hadi milioni moja kwa mwaka. Kiluwiluwi huelea kwa wiki kadhaa, kisha hutua na kujishikiza kwa nyuzi zake juu ya jiwe, chuma, saruji, plastiki au mgongo wa kome mwenzake, na wakishajaa katika mabomba ya kupozea mitambo ya umeme au ya kupeleka maji mashambani, kuwatoa huwa ni gharama isiyokoma.

Mimi nilizaliwa Mwanza na nimekua nikiona gugu maji likifunga mialo ya Ziwa Victoria, mtumbwi usipate pa kupita, na watu wazima wakisimulia kwamba walipoliona mara ya kwanza lilikuwa ua zuri tu la zambarau. Labda ndiyo maana kazi hii, ambayo wengi huiona ya kuchosha, mimi naifanya kwa moyo wote.

Mpango wa njia tumeupanga kinyume na ramani. Twin Falls, mahali pekee katika safari yetu ambapo kome kwaga amekwisha kuthibitishwa, ni mwendo wa saa mbili tu kutoka hapa, lakini tutafika huko mwisho. Tunaanza na maji tunayoamini ni safi na kumalizia na yale yenye shaka, ili kosa letu lolote la usafi lisije likabeba uchafu kutoka kubaya kwenda kuzuri.

Jumanne, 20 Agosti. Njiani kuelekea Pasco, Washington

Tumesafiri zaidi ya kilomita 450, tukapanda na kushuka Blue Mountains tukiwa watatu ndani ya gari, na boti ndogo ya alumini kwenye trela nyuma yetu. Mkuu wa kikosi chetu, mwanamama aliyeifanya kazi hii tangu kabla sijahamia Marekani, alitumia sehemu ya njia kumweleza mwanafunzi tuliye naye kisa cha Ziwa Mead.

Mwezi Januari 2007 kome kwaga walionekana katika bandari ya boti ya ziwa hilo, jirani na Las Vegas, na hiyo ikawa mara ya kwanza kwa kome wa ukoo huu kuthibitishwa magharibi ya nchi. Walioonekana walikuwa wakubwa, waliokwisha kujishikiza. Maana yake ni kwamba viluwiluwi vilikuwa vimeelea humo muda mrefu bila mtu kuvinasa, na walipojulikana hapakuwa tena na namna ya kuwaondoa. Tangu hapo boti zinazotoka Mto Colorado kwenda kaskazini zimekuwa ndiyo hofu kubwa ya majimbo yaliyobaki, kwa sababu kome mkubwa aliyejificha mahali penye unyevu, kama vile ndani ya ngama, sehemu ya chini ya boti panapotuama maji, huweza kuishi nje ya maji kwa siku nyingi, na katika hali ya baridi hata kwa wiki kadhaa. Mlima haumzuii, trela humvusha.

Bonde la Mto Columbia, ambalo Mto Snake ni tawi lake kubwa kuliko yote, lilihesabiwa hadi mwaka jana kuwa bonde kubwa la mwisho katika Marekani bara ambamo kome hawa hawajatia mguu. Kesho tunaanzia pale mito hiyo miwili inapokutana.

Jumatano, 21 Agosti. Makutano ya Snake na Columbia

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi tulikuwa tayari majini, kabla ya upepo. Saa za hapa ziko nyuma ya Boise kwa saa moja, na mkuu wetu alisisitiza tuandike kwenye fomu ni saa za wapi, kwani mtu atakayezisoma baada ya miaka kumi hatakuwa na wa kumuuliza.

Nieleze jinsi wavu unavyovutwa, maana kila tunachosema baadaye kinasimama juu ya hapo. Kamba imetiwa alama kila mita moja. Wavu unashushwa polepole, ukitanguliwa na uzito wa risasi, hadi kina kilichopangwa, unaachwa utulie, kisha unapandishwa wima kwa mwendo wa mkono mmoja baada ya mwingine, bila kukata wala kukimbiza. Ukivuta haraka, maji hurudishwa nyuma mdomoni badala ya kupita katika matundu. Mdomo wa sentimita 30 ukipanda mita 10 unachuja takriban lita 700. Mara nne ni lita 2,800, na vyote vilivyomo katika maji hayo vinaishia katika kikombe kidogo mkiani mwa wavu, tope jepesi la rangi ya chai ya maziwa. Tunalimimina katika chupa, tunaongeza ethanoli ili visioze, na chembe ya soda ya kupikia ili maji ya chupa yasigeuke kuwa na asidi na kuyeyusha magamba tuliyokuja kuyatafuta. Kisha lebo: mahali, tarehe, saa, kina, joto la maji, idadi ya mivuto, jina la aliyevuta.

Baada ya mchana tulikwenda kwenye bwawa la Ice Harbor, karibu kilomita 16 juu ya makutano, la kwanza kati ya mabwawa manne ya sehemu ya chini ya Mto Snake. Hapo kuna ngazi ya samaki, mfereji wa saruji wenye vidaraja ambavyo samoni huvipanda wakirudi kuzaa. Nilisimama kuitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyohitaji. Samoni si samaki wa biashara tu hapa. Makabila ya Nez Perce, Yakama, Umatilla na Warm Springs yalihifadhi haki yao ya kuvua katika mikataba ya mwaka 1855, na pamoja na samoni wanamthamini lampri, samaki mrefu kama mkunga anayepanda ngazi hizo kwa kujibandika ukutani kwa mdomo wake. Ukuta huo ukifunikwa na magamba makali ya kome, lampri atajibandika wapi? Watu wakizungumzia hasara za kome hutaja mabomba kwanza, kwa kuwa bomba lina bei yake. Mimi naona ukuta ule laini na wenye maji ni hoja nzito vilevile.

Alhamisi, 22 Agosti. Bwawa la Brownlee, mpakani mwa Oregon na Idaho

Siku ngumu. Brownlee wakati huu wa mwaka hujaa mwani, na leo maji yalikuwa ya kijani kama mchicha uliosagwa. Mvuto wa kwanza wa mita 10 ulifika juu na wavu umelemewa, maji yakimwagika mdomoni badala ya kupenya. Hesabu ya lita 700 ikawa haina maana. Tuliumwaga, tukabadili utaratibu: mita 5 badala ya 10, na mara nane badala ya nne, ili jumla ya maji ibaki ileile lakini wavu usizibe.

Kosa la pili lilikuwa langu. Maji ya bwawa yalikuwa yameshuka kuliko nilivyodhani, nami niliamini alama za kamba bila kupima kina upya tulipohama eneo, wavu ukagota chini na kurudi na tope zito. Tope hilo huficha viluwiluwi chini ya hadubini, na sampuli ya namna hiyo haifai kuhesabiwa. Nilimwambia mkuu wetu papo hapo. Hakunikemea, alichukua kalamu akaandika kwenye fomu kwamba mvuto wa tatu umetupwa na sababu yake, kisha akanipa wavu wa akiba, kwa sababu ule uliochafuka haukuweza kusafishwa vya kutosha pale botini. Kumaliza mivuto minane mingine ilitugharimu karibu saa mbili za jua kali.

Jioni tuliosha boti kwa maji ya moto ya nyuzi 60 za Selsiasi, ndani ya ngama, kwenye rafadha na ndani ya mirija ya injini. Maji ya joto hilo huua kome papo hapo yakimfikia vizuri. Tatizo ni kumfikia, na ndiyo maana hatuiharakishi kazi hiyo hata tukiwa na njaa.

Ijumaa, 23 Agosti. Bwawa la C. J. Strike

Hapa hatukuja kwa ajili ya viluwiluwi peke yake. Chini ya gati tuna kifaa kilichoning'inizwa tangu mwezi Mei, kipande cha bomba la plastiki na bamba chache zilizofungwa kwenye kamba, makao ya bure kwa kome yeyote anayetafuta pa kutua. Tulikivuta juu taratibu. Kilikuwa kimevaa utelezi wa kahawia, sifongo ya maji baridi, na vijumba vya mchanga ambavyo wadudu wa majini hujijengea. Kome mchanga mara nyingi haonekani kwa macho, lakini kidole humjua: bamba lililotuliwa huparuza kama msasa. Nilifumba macho nikapitisha kidole kila upande, juu na chini na katika kingo, kisha mwanafunzi akafanya hivyohivyo bila kuniona nilikopita. Utelezi tu.

Kwenye mawe ya ufukweni palikuwa na konokono wadogo weusi wasiozidi ukubwa wa punje ya mchele, kwa maelfu. Hao ni konokono wa tope wa New Zealand, waliogunduliwa katika Mto Snake mwaka 1987. Wamebaki. Hakuna aliyefaulu kuwaondoa, na leo tunawaruka tukitembea kana kwamba ni sehemu ya mawe.

Jumamosi, 24 Agosti. Ziwa Walcott

Tulipita kwenye barabara kuu kaskazini ya Twin Falls bila kukata kuelekea mjini, kwa ajili ya ule utaratibu wetu. Walcott ni ziwa lililotokana na bwawa la Minidoka, lililojengwa kati ya mwaka 1904 na 1906 ili kunywesha nchi iliyokuwa nyika kavu. Viazi na viazisukari vilivyotukabili njia nzima vinakunywa kutoka mfumo huo wa mifereji.

Upepo ulitufukuza majini saa nne. Tulipata mivuto mitatu badala ya minne, na tumeandika mitatu.

Jioni tulizungumza juu ya njia ambazo kome huweza kuingilia zaidi ya boti. Mwaka 2021 kome pundamilia walipatikana wakiwa hai ndani ya mipira ya mwani iliyouzwa kwa ajili ya matangi ya samaki wa mapambo, katika majimbo mengi ya Marekani kwa wakati mmoja. Mtu aliyekaa sebuleni kwake na kumwaga maji ya tangi kwenye mfereji angeweza kufanya kilichofanywa na meli zile zilizovuka Atlantiki. Tangu nisikie habari hiyo nimeacha kuamini kwamba kukagua trela barabarani kunatosha, ingawa ni lazima kuendelee.

Jumapili, 25 Agosti. Twin Falls

Korongo la Snake huonekana ghafla. Unatembea kwenye uwanda wa tambarare, na hatua chache mbele ardhi imekatika. Daraja la Perrine liko karibu mita 148 juu ya maji, na watu huruka kutoka humo kwa miavuli mwaka mzima. Chini korongoni, ufukweni, ndiko kuna bustani ya Centennial, ambako tulifanya kazi leo.

Hapa ndipo, katikati ya Septemba 2023, viluwiluwi vya kome kwaga vilipothibitishwa kutokana na sampuli za ufuatiliaji wa kawaida wa jimbo, sampuli kama hizi zetu. Nataka hilo lieleweke vizuri. Hapakuwa na bomba lililoziba wala boti iliyovaa magamba. Kulikuwa na mtu mbele ya hadubini. Katika wiki chache jimbo lilifunga eneo hilo na, mwezi Oktoba, likatia mtoni dawa yenye shaba kwa gharama ya takriban dola milioni 3. Dawa hiyo iliua tani kadhaa za samaki, wakiwamo stajeni weupe, samaki wanaoishi miaka mingi kuliko mtu. Nimesoma hasira za watu juu ya stajeni wale na sizipuuzi. Hata hivyo naamini uamuzi ule ulikuwa sahihi, kwa sababu Ziwa Mead halikupata hata nafasi ya kuamua.

Boti yetu haikuguswa na maji leo. Tulivuta nyavu kutoka kwenye magati tu, kwa seti iliyotengwa kwa ajili ya hapa pekee, jumla ya lita 2,100, na tukachuja maji ya kupima vinasaba katika vituo vitatu. Kipimo cha vinasaba kina nguvu na kina mpaka wake: kinaweza kuonyesha alama ya kome kabla ya kome mwenyewe kuonekana, lakini alama hiyo huweza pia kuletwa na boti iliyooshwa vibaya au kinyesi cha ndege, kwa hiyo peke yake haithibitishi kwamba kuna kome aliye hai majini.

Nikiwa nimepiga magoti ukingoni, nilisikia nyuma yangu sauti ikisema, "Munatafuta nini mu maji, mwanangu?" Nilishtuka kwa furaha. Alikuwa mzee mwenye fimbo ya kuvulia na ndoo, amevaa viatu virefu vya mpira. Nikamwamkia shikamoo, akacheka, akaitikia marahaba, akasema yeye ni mtu wa Uvira na kwao wanasema jambo. Twin Falls imepokea wakimbizi kwa miaka mingi, na Wakongo wanaozungumza Kiswahili ni sehemu ya mji huu. Lakini sikuwa nimewahi kuulizwa swali la kazi yangu kwa lugha yangu nikiwa kazini.

Nilimwonyesha wavu na kumweleza kila kitu. Alisikiliza kama asikilizavyo mtu aliyevua mikeke na ndagala Ziwa Tanganyika tangu utotoni, akauliza maswali ambayo wengi hawaulizi: viluwiluwi vinashuka na mkondo au vinaweza kupanda? Vinakufa maji yakipoa? Nikamjibu kwamba vinashuka, na kwamba baridi hupunguza kuzaa kwa kome lakini haiwaui wakubwa wakiwa ndani ya maji. Akanyamaza, kisha akaitazama ndoo yake. Kumbe asubuhi huvua hapa na jioni hwenda kwenye vidimbwi vya upande wa pili wa mji, kwa viatu vilevile na ndoo ileile, bila kuyabadili maji. "Hiki kibao ninakionaka kila siku," akasema akielekeza kidole kwenye tangazo la Kiingereza kando ya njia, "lakini hakisemi na miye."

Tulimwaga ndoo yake pamoja, nchi kavu, mbali na mto. Nilimwomba awe na viatu viwili, vya hapa na vya kwingine, au avianike kabisa kabla ya kuhama maji. Akasema vya zamani anavyo, vitabaki kuwa vya mto huu. Aliniandikia namba yake ya simu, na nikamwahidi nitamtumia maelezo kwa Kiswahili awasomee wenzake baada ya ibada.

Jumatatu, 26 Agosti. Kurudi Boise

Tumerudi, tumeosha, nyavu zimeingia katika siki. Chupa zote ziko mahali pa baridi na gizani. Usiku nimeandika yale maelezo ya mzee, ukurasa mmoja: futa, mwaga, kausha, na kwa nini.

Jumanne, 27 Agosti. Maabara

Kazi ya siku tano mtoni huishia kwenye sahani ya kioo yenye miraba, pana kama kiganja.

Hadubini yetu ina vichujio viwili vya mwanga, kimoja chini ya sahani na kimoja juu yake. Vikigeuzwa vikapingana, mwanga wote hukatika na uwanja unakuwa mweusi kama usiku, isipokuwa vitu vyenye fuwele, ambavyo hung'aa. Gamba la kiluwiluwi cha kome ni mojawapo: huonekana kama kiduara cheupe kilichogawanywa na msalaba mweusi, na ukizungusha sahani msalaba unabaki mahali pake. Kila asubuhi ninaanza kwa kutazama sampuli ya kielelezo iliyotoka Ziwa Mead, ili jicho likumbuke linatafuta nini, ndipo ninapofungua chupa zetu.

Vinavyong'aa ni vingi. Punje za mchanga hung'aa bila umbo. Ostrakodi, viumbe wadogo wenye magamba mawili kama maharage, hung'aa na kumpumbaza anayeanza, mpaka azime vichujio na kuona miguu ikichungulia. Katika chupa za makutano ya mito nilikuta watoto wa kome wa Asia, mgeni mwingine aliyezoeleka kwenye mito hii. Ni wakubwa na wa mviringo zaidi, na nililazimika kumwita mkuu wetu atazame mmoja kabla sijaandika. Chupa ya Brownlee peke yake ilinichukua saa tatu kwa sababu ya mwani.

Baada ya chakula cha mchana alinipa chupa nyingine ya Walcott. Katika mraba wa nne nikaona msalaba. Nilihisi mikono ikipoa. Nikazungusha sahani, nikazima na kuwasha vichujio, nikapima: mikromita 150. Mraba uliofuata, wa pili. Nilipoinuka kumwita alikuwa tayari amesimama nyuma yangu, akaniambia kwamba ametia humo viluwiluwi kumi vya kielelezo ili kupima jicho langu, na akaniomba niendelee hadi mwisho. Nilipata tisa.

Sikuudhika hata kidogo, ingawa moyo ulichukua muda kutulia. Huo ndio msingi wa karatasi tunazojaza. Kwenye fomu yetu hakuna mahali pa kuandika "kome hawapo". Kuna mahali pa kuandika "havikuonekana", na pembeni yake lita zilizochujwa, joto la maji, mvuto uliotupwa, upepo uliotunyima mvuto wa nne, na sasa pia tisa kati ya kumi. Kwa chupa zote za safari hii nimeandika "havikuonekana". Robo ya chupa hizo itasomwa upya na mtu mwingine asiyejua nilichoandika.

Nyongeza, Oktoba 2024

Mwezi Septemba jimbo lilitangaza kwamba viluwiluwi vya kome kwaga vimeonekana tena katika Mto Snake, eneo la Twin Falls, na mwezi huu dawa ya shaba imetiwa mtoni kwa mara ya pili. Siku niliposoma habari hiyo nilitoa nusu iliyobaki ya chupa yetu ya Centennial ya tarehe 25 Agosti na kuisoma upya, mraba kwa mraba, hadi saa mbili usiku. Havikuonekana. Sikubadilisha kitu kwenye fomu. Nimeongeza tu tarehe ya usomaji wa pili.

Kisha nikampigia simu yule mzee wa Uvira, nimwarifu kwamba ufukwe umefungwa na kwa nini. Alikuwa anajua tayari. Wenzake wawili walikuwa wamemwuliza kama wanaweza kuvua juu zaidi kwa viatu walivyovaa Centennial, na aliwasomea ule ukurasa kwanza. Akataka kujua tutarudi lini na nyavu zetu. Nikamwambia maji yatakapoanza kupata joto, na kwamba safari hiyo ningependa anionyeshe vile vidimbwi vya upande wa pili wa mji, kwa kuwa kwenye orodha yetu havimo.